Ramani ya chuo yasema shamba letu la mikoko ni tope tupu. Kwani setilaiti haioni miche?

Katibu_Jomvu ameuliza:

Assalaam aleikum, na habari zenu nyote. Naomba wanaojua mambo ya ramani na picha za setilaiti wanitoe tongotongo.

Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama na vijana hapa Jomvu Kuu, kando ya hori ya Tudor. Tuna kipande tulichopewa idhini ya kupanda mikoko, robo ekari hivi, chembamba kirefu kufuata maji, upana wake hatua ishirini ama zaidi kidogo. Palikuwa peupe. Miti ilikatwa zamani kwa kuni na boriti, plastiki zikapafanya makao. Tumepanda mkoko wenyewe upande wa maji na mkandaa, aina nyingine ya mikoko, nyuma yake, mita kwa mita, na miche sasa yafika magotini, mingine imepita.

Mwezi uliopita walikuja watu wa chuo kimoja, wana mradi wa kufuatilia mazingira kwa picha za setilaiti. Sina ubaya nao. Walivua viatu wakaingia topeni na sisi, wakanywa chai yetu. Wiki hii wametoa ramani, karatasi kubwa ya rangi. Mchu wa jirani (nao ni mikoko ya aina yake) umepakwa kijani, maji buluu, na kipande chetu chote, mwanzo hadi mwisho, khaki. Pembeni pameandikwa khaki ni “tope lisilo na mimea”.

Tabu ni kuwa ramani ilifika kwa mfadhili kabla haijafika kwetu. Ofisa wake akanipigia: “Katibu, miche iko wapi?” Nimemtumia picha za simu, anasema picha ya simu yaweza kupigwa popote. Nikamwambia aje aone kwa macho yake. Yuko Nairobi, ana mikutano.

Nikaingia mtandaoni kwenye ile ramani ya misitu ya dunia nzima. Huko hata mchu wa jirani, ambao nimeuona tangu nikiwa mtoto wa madrasa, hauhesabiwi msitu. Hapo nikachoka.

Basi nauliza. Setilaiti yaweza kuona mche wa magotini ama haiwezi? Kama haiwezi, mbona ramani isiseme “hatujui” badala ya kusema “hakuna”? Na kuna kijana ameahidi kuturushia droni kwa malipo. Nimlipe?

Mtu_wa_Kongowea amejibu:

Dada pole, lakini karibu kwenye chama. Watu wa utafiti huja na buti mpya na fomu za kutia sahihi, wanauliza unavua nini, unapata kilo ngapi, mkeo anafanya nini. Kisha kimya. Ukija kusikia tena, kuna ripoti, na wewe mle ndani ni namba. Nyinyi angalau mmeletewa karatasi. Sisi hata hiyo hatukuiona.

Ushauri wangu: mwambie huyo ofisa gari la kutoka Nairobi lipo, na treni ipo.

Bi_Pikseli amejibu:

Katibu, salaam. Kazi yangu ni hizi picha, nakaa nazo kutwa katika maabara ya chuo (si hicho kilichokuja kwenu, ni kingine hapa hapa Pwani). Nitajibu kwa urefu, kwa sababu swali lako la pili laniuma hata mimi.

Kwa ulivyoeleza, nakisia wametumia Sentinel-2, setilaiti za Ulaya. Ya kwanza ilirushwa 2015, ya pili 2017, na zikiwa mbili kazini hupiga picha mahali pamoja kila siku ya tano, bure kwa yeyote anayetaka. Picha yake ni viraba viraba. Kiraba kimoja, ndiyo pikseli, ni mita 10 kwa mita 10 za ardhi. Landsat za Marekani, zilizoanza 1972 na ndizo zenye hazina ndefu kuliko zote, hizi za sasa pikseli yake ni mita 30 kwa 30. Ndani ya pikseli setilaiti haibagui kitu na kitu. Mwanga wote uliorudi kutoka eneo hilo hujumlishwa, ukatolewa kwa namba moja kwa kila rangi.

Sasa liweke shamba lenu hapo. Robo ekari ni mita za mraba elfu moja na kidogo, yaani kwa hesabu ya mezani ni pikseli kumi. Lakini kipande chenu ni chembamba. Hatua ishirini ni mita 15 hivi, na mistari ya pikseli haikupangwa kufuata ufuo wa Jomvu, imelala kaskazini kwa kusini. Mkibahatika mtapata pikseli chache zilizo ndani kabisa. Zilizobaki nusu ni zenu, nusu ni za maji au za mchu wa jirani. Kwa Landsat, ambayo pikseli moja ni mita za mraba 900, hakuna hata moja iliyo yenu peke yenu.

Halafu rangi. Jani bichi humeza mwanga mwekundu, maana ndio linaotumia kujitengenezea chakula, na hurudisha kwa wingi infraredi ya karibu, mwanga ambao jicho letu halioni lakini kamera ya setilaiti inaona. Tope hurudisha zote mbili karibu sawa. Sisi huchukua infraredi tukatoa nyekundu, tukagawanya kwa jumla ya hizo mbili. Jibu huitwa NDVI. Chukua mkoko mkubwa uliofunga majani: nyekundu 0.03, infraredi 0.30, jibu ni 0.82. Chukua tope bichi: nyekundu 0.10, infraredi 0.12, jibu ni 0.09. Hizi ni namba za mfano, ila haziko mbali na ninazokutana nazo kazini.

Mmepanda mita kwa mita, basi kila pikseli ina miche 100. Mche wa magotini ukitazamwa kutoka juu, majani yake hufunika tuseme sentimita 20 kwa 20. Miche mia, basi, ni mita 4 za mraba. Nne katika mia! Ni kijiko cha maziwa ndani ya birika zima la strungi: maziwa yamo, lakini mgeni ukimmiminia atakwambia umempa strungi. Kwa hesabu, NDVI yapanda kutoka 0.09 hadi 0.13 tu. Na ule utando wa kijani unaoota juu ya tope penye jua na maji machafu, ambao upande wenu wa Jomvu na Mikindani haukosekani, waweza kuipandisha kiasi hicho hicho bila mche hata mmoja.

Kwa hiyo haiwezi. Si kwa umri wa miche yenu. Mkoko hauanzi kusomeka vizuri mpaka majani yaanze kugusana, na hiyo ni kazi ya miaka. Kule Gazi, pwani ya kusini, mikoko ya kupandwa ilipofika umri wa miaka 12 ilipimwa ikawa na urefu wa wastani uliozidi mita nane. Huo setilaiti haiukosi. Lakini haikuwa hivyo ilipokuwa na miaka miwili.

Swali la pili. Programu ya kuainisha picha hupewa makundi tangu mwanzo: maji, tope, mikoko, majengo, na kadhalika. Kila pikseli sharti iingie kundi moja. Kundi la “sijui” halimo mpaka mwenye ramani aliweke kwa mkono wake, na wengi hawaliweki, kwa sababu ramani yenye madoa ya “sijui” haipendezi kwenye ripoti. Nasema haya nikiwa ndani ya kazi hiyo hiyo. Khaki ile haikupaswa kuandikwa “lisilo na mimea”. Ilipaswa kuandikwa kwamba mimea, kama ipo, iko chini ya kiwango ambacho picha hii yaweza kuonyesha. Ni maneno marefu, najua, lakini mfadhili angeyasoma.

Waombe vitu viwili, na una haki navyo. Kwanza jedwali la ukaguzi: ni maeneo mangapi walikwenda kuyahakiki ardhini, na mangapi ramani ilipatia. Pili, eneo dogo kabisa ambalo ramani yao yaweza kulitolea hukumu. Kila ramani inalo, liandikwe lisiandikwe. Wakikwambia ni nusu hekta, basi hiyo ni mita za mraba 5,000, mara tano ya shamba lenu. Mlikuwa nje ya mazungumzo kabla ya kuanza. Barua ya sentensi tatu kutoka kwao ikisema hivyo itamtosha ofisa kuliko picha mia za simu.

Ile ramani ya dunia nzima uliyoingia, bila shaka ni ya Chuo Kikuu cha Maryland, ya kina Matthew Hansen, iliyotoka 2013 kwa picha za Landsat. Nzuri sana kwa misitu mikubwa. Lakini kwao mti ni mmea uliozidi mita 5 kwenda juu. Mchu wa nyuma, ulioko kwenye chumvi kali ambako maji hufika kwa nadra, hudumaa. Waweza kuwa na umri wa kukuzidi wewe na usifike mita tano. Kwa mikoko angalia Global Mangrove Watch. Hiyo kazi yake ya vipimo imefanywa na Chuo Kikuu cha Aberystwyth, huko Wales, kwa rada ya setilaiti ya Kijapani pamoja na Landsat. Rada hupenya mawingu, na nyinyi mnajua mawingu yetu wakati wa masika. Lakini hata huko usiitafute miche, hutaiona.

Droni ndiyo yaweza. Ikiruka mita mia juu hutoa pikseli ya sentimita mbili tatu, unahesabu mche mmoja mmoja. Ila kabla hujatoa shilingi, mwulize huyo kijana karatasi zake za Mamlaka ya Usafiri wa Ndege. Droni yataka idhini, na nyinyi uwanja wa ndege wa Moi ni majirani zenu, ndege zashuka mnaziona tumbo. Asiye na karatasi akikamatwa, kikundi chenu ndicho kilichomwita.

La rahisi kuliko yote: chukueni GPS ya pembe zote za shamba, hata ya simu. Pigilieni nguzo mbili tatu za kudumu, muwe mnapiga picha mkiwa mmeiweka simu juu ya nguzo ile ile, ikitazama upande ule ule, tarehe na mahali vikiwa vimerekodiwa ndani ya picha. Kisha mgawe viwanja vidogo vya mita 5 kwa 5, mhesabu miche iliyo hai. Mradi wa Mikoko Pamoja wa Gazi unauza kaboni (yaani hulipwa kwa kaboni ambayo mikoko huihifadhi) tangu 2013 kwa hekta 117, na huko pia watu huingia msituni na utepe wa kupimia. Hakuna anayelipwa kwa rangi ya kijani peke yake.

Nahodha_Mstaafu amejibu:

Mwanangu Bi Pikseli, umesema maneno mazuri na ya kisomo, lakini bahari umeisahau.

Hiyo setilaiti hupita saa ngapi? Maana pale Jomvu mimi napajua, nimepita na chombo miaka na miaka. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, ndiyo bamvua, wakati wa maji makubwa, maji hujaa alfajiri saa kumi, na kufika saa nne asubuhi yamekupwa mpaka unaona mizizi. Siku ya pili na ya tatu yake, saa nne u nusu, saa tano. Mwezi ukiwa nusu, maji mafu, ni kinyume. Saa nne hiyo hiyo maji yamejaa. Hayajai ya kufurika, lakini mche wa magotini ulioko mbele unafunikwa kabisa, na wa nyuma unabaki kichwa. Baina ya bamvua kubwa kujaa na kukupwa maji hupanda zaidi ya mita tatu. Sasa mtu apige picha siku asiyoijua mwezi wake, kisha aje aseme hapana kitu! Picha moja ataona tope, nyingine ataona bahari, na mahali ni pamoja.

La pili ni la Katibu, na usinikasirikie mama. Umesema mmepanda mkoko mbele. Mbele kabisa, panapopigwa na maji kila siku, mwenyewe ni mlilana, nao ni aina ya mikoko. Mkoko hukaa nyuma ya mlilana, kisha mkandaa, kisha mchu, ingawa mchu ni mkaidi, wakati mwingine hujitokeza hata mbele. Kila mtu siku hizi apanda mkoko kwa kuwa mbegu yake ni ndefu, unaichomeka tu topeni na kwenda zako. Zile safu zenu za mbele ziangalieni sana. Isije ramani ikawa imekosea leo na mwakani ikawa imesema kweli.

Na tope nalo si la kuchezea. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo kule Mwache ukafukia mizizi, na mikoko mikubwa ikafa imesimama. Hiyo haikuhitaji setilaiti, ukipita na mashua unaona.

Bi_Pikseli amejibu:

Shikamoo babu. Hapo umenipa kitu, na imebidi nitoe kalenda ya mwezi niweke kando ya orodha ya picha zangu.

Sentinel-2 imepangiwa mzunguko wa kufuata jua, hivyo hupita hapa kwetu saa ile ile kila ijapo: baina ya saa nne u nusu na saa tano asubuhi. Haibadiliki masika wala kiangazi. Basi kwa kanuni yako, picha ya bamvua sharti iwe imekupwa, na picha ya maji mafu sharti iwe imejaa. Nimefungua picha za hori ya Tudor nikalinganisha, na ndivyo zilivyo. Ukinitajia mwezi, nakutajia rangi ya Jomvu.

Kuna la ajabu zaidi. Setilaiti hurudi kila siku ya tano, kwa hiyo picha tatu ni siku 15. Bamvua hadi bamvua ni siku 14 na robo tatu. Hizo namba mbili zimekaribiana mno! Maana yake picha ya leo ikiwa imekupwa, ya tatu baada yake itakuwa imekupwa pia, na ya tatu baada ya hiyo, miezi mfululizo, ikiteleza kidogo tu kila mara. Sasa weka mawingu juu yake. Ikiwa katika msimu huo wa utafiti zile picha za maji kukupwa ndizo zilizoangukia siku za mawingu, mtafiti atabaki na picha za maji mafu peke yake, zote safi, zote zinazofanana, na atadhani kufanana kwake ndiko ushahidi. Akichukua wastani wa mwaka mzima napo anachanganya tope na maji, anapata kitu ambacho hakikuwahi kuwapo siku yoyote.

Dawa yake si ngumu. Kabla ya kuainisha, panga picha kwa kimo cha maji cha saa ile, uchukue zilizokupwa tu. Majedwali ya maji ya bandari ya Kilindini huchapishwa kila mwaka, na taasisi ya utafiti wa bahari, KMFRI, iko hapo Mkomani. Watafiti wengi wa mikoko hufanya hivyo. Lakini mwanafunzi aliyejifunzia picha kwenye mahindi ya Bonde la Ufa hatajua kuuliza, kwa sababu shamba la mahindi halizami mara mbili kwa siku.

Katibu, ongeza swali la tatu kwenye orodha yako: tarehe za picha walizotumia. Ukizipata, mpe babu hapa, atakwambia maji yalikuwa wapi.

Comrade_Tudor amejibu:

Swali la pembeni. Si tulirusha setilaiti yetu wenyewe? Kwa nini chuo chetu kitegemee za Wazungu na Wajapani? Nauliza kwa uchungu wa kodi.

Bi_Pikseli amejibu:

Comrade, tulirusha. Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa na 1KUNS-PF, iliyoachiliwa kutoka kituo cha anga cha kimataifa tarehe 11 Mei 2018, kijisanduku cha sentimita kumi kila upande. Ilikuwa ya kujifunzia, na kwa hilo ilifaa. Kisha Taifa-1 ikapanda 15 Aprili 2023 kwa roketi ya SpaceX kutoka California, nayo ni ya kutazama ardhi. Lakini kufuatilia mikoko kwahitaji picha ya mahali pale pale miaka na miaka bila kukatika, na vyombo vingi vinavyopokezana. Hilo bado tunalipata kwa wengine. Ukitaka kujisikia vizuri, kumbuka roketi iliyobeba setilaiti ya Kimarekani iliyoitwa Uhuru iliruka kutoka Ngomeni, Malindi, Desemba 1970, Landsat ya kwanza haijazaliwa. Ingawa nayo haikuwa yetu.

Mtu_wa_Kongowea amejibu:

Kumbe babu na bibie wameelewana na mimi nimebaki na hasira zangu peke yangu. Haya. Lakini langu nalisimamia: kama wangemwuliza mvuvi mmoja kabla ya kuchapa karatasi, hii mada isingekuwepo. Kuingia topeni ni jambo moja, kuuliza ni jingine.

Nahodha_Mstaafu amejibu:

Usinywe hasira zote peke yako, mwanangu, bakisha. Vijana wa chuo nao hufunzwa kuuliza maswali yaliyoko kwenye fomu. Fomu ikiwa haina mwezi, hawaulizi mwezi.

Katibu_Jomvu amejibu:

Nimesoma yote kwa sauti, kikundi kizima kikisikiliza, ila zile hesabu za 0.09 tuliziruka, mtusamehe. La strungi lilieleweka na mtunza hazina wetu amelichukua, sasa kila kitu kwake ni strungi.

Nimeandika barua kwa mwalimu mkuu wa ule mradi, kwa heshima zote, nikauliza mambo matatu: jedwali la ukaguzi, eneo dogo kabisa la hukumu, na tarehe za picha. Amejibu siku ya pili, na kwa uungwana. Eneo lao dogo ni nusu hekta, Bi Pikseli ulikisia sawasawa. Amesema atatoa barua kwa mfadhili na kwamba kwenye toleo lijalo ramani itakuwa na rangi ya tano kwa mashamba ya miche yaliyothibitishwa ardhini, mipaka yake ikichukuliwa kutoka kwetu. Tarehe za picha amesema mwanafunzi anazitafuta. Hilo la tarehe limechukua muda kuliko mengine, sijui kwa nini.

Kijana wa droni nilimwuliza karatasi. Hajanipigia tena.

Babu Nahodha, sikukasirika. Safu mbili za mbele kweli zimekonda, na wazee wa hapa walisema kama wewe kuhusu mlilana, lakini mbegu za mlilana ni ndogo mno na hazichomeki, hazitaki haraka. Tunataka kuanza kitalu. Kama unajua zinapopatikana nyingi huko chini kuelekea mdomo wa hori, tuelekeze, tutakuja na mashua.

Kuhesabu viwanja tunaanza bamvua ijayo, mwezi ukiandama, ile siku ya pili yake ili maji yakupwe saa nne u nusu. Bi Pikseli, nimeangalia kwenye ule mfuko wa picha za bure, na siku hiyo hiyo setilaiti inapita. Kama hakuna mawingu utatupiga picha tukiwa ndani. Tunahitaji utepe mrefu wa mita 50, wetu ulikatika. Mwenye wa kuazima aje nao gatini Jomvu Kuu kabla ya saa tatu, chai ipo.